Beki Aitwaye Kizingiti

Kikwajuni, Unguja
15 Septemba 2024

Mdogo wangu Ummkulthum,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, ule ujambo wa kuambizana. Mama miguu inamsumbua. Asubuhi tunamwinua mimi na Tabia, mmoja kila upande, na akishakaa kitako hataki tena kuguswa mpaka adhuhuri. Anakuulizia kila siku. Nikimwambia, "Si jana tu mmezungumza kwenye simu?" ananijibu, "Ile si kuzungumza, ile ni kupigiana kelele." Na kweli, simu ya nyumba hii ina masikio mengi. Mama yupo, mke wangu Tabia yupo, jirani kaja kuazima mbuzi ya kukunia nazi naye anataka kukusalimu. Ndiyo maana nimeona nikuandikie. Barua nampa kijana wa jirani anayekwenda Maskati kuchukua mabaibui, akutie mkononi.

Mwanao Sichana hajambo. Kanipita bega sasa. Yuko kidato cha tatu, anasoma. Jioni huchelewa kidogo kurudi, ana mambo ya skuli.

Mimi niko kule kule Mchangani, duka la steshenari, nnatoa kopi na kupiga laminesheni vyeti vya watu. Nikirudi macho yananiwasha kwa ule mwanga wa mashine. Mvua haijaja na bomba letu limekauka, maji tunanunua. Lakini nimepata kitu cha kunipumzisha, na ukitaka kucheka cheka kimyakimya. Natengeneza kadi za wachezaji.

Unazikumbuka zile picha za wachezaji wa Ulaya zilizokuwa zikitoka ndani ya ubani wa kutafuna, tukigombana mimi na wewe? Basi nnafanya hizo hizo, ila za Siafu, timu yetu ya mtaa. Nakwenda uwanja wa Maisara nawapiga picha kwa simu, nazitoa ndogondogo dukani, nazibandika kwenye manila, nazungushia fremu kwa kalamu za rangi. Nyuma naandika jina kamili, jina la utani, mguu anaoutumia, anachopenda na asichopenda. Nikimaliza naipitisha kwenye mashine ya laminesheni. Ikitoka bado ya moto, inateleza, wallahi utadhani imetoka kiwandani.

Nimekutilia chache. Mwangalie golikipa wetu, Talib. Jina lake la utani ni Mlango wa Uani, kwa kuwa mabao yote hupitia kwake. Nyuma nimemwandikia: Anapenda urojo wenye pilipili nyingi. Hapendi kona.

Tabia anasema mwanamume mzima nimekuwa mtoto. Mwache aseme.

Kaka yako,
Mahfoudh


Maskati
20 Oktoba 2024

Kaka yangu Mahfoudh,

Shikamoo. Waalaykum salaam warahmatullah. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa ndani ya baibui la mtu, lakini imefika, na kadi hazikupata hata alama. Mpe Mama salamu zangu na mkono wake unibusie. Mwambie ajisugue mafuta ya karafuu magotini na asikubali kukaa sakafuni hata kama amekasirika.

Joto huku limepungua, alhamdulillah. Bibi ninayemtunza hali yake ni ile ile. Hamjui mwanawe aliyemzaa, ila mimi ananiita Zuwena, ndilo jina la binti yake mkubwa, na mimi naitika naam. Zamani nilikuwa namsahihisha. Siku hizi nimechoka, naitika tu. Kadi zako kazipenda kuliko mimi. Anazipanga kitandani, anaziita kwa majina anayoyajua mwenyewe, na yule golikipa wako alimbusu kisha akamtia chini ya mto. Kumtoa huko kulikuwa kazi.

Nimecheka, kaka. Ilikuwa muda sijacheka peke yangu chumbani.

Lakini nimeisoma barua mara ya pili nikaona kitu. Golikipa umempa ukurasa mzima. Mwanangu umempa mistari miwili, na huo wa pili ni kuwa ana mambo ya skuli. Mambo gani? Nikimpigia simu ananiambia, "Sijambo mama, nasoma mama, nakupa Bibi." Mwambie aniandikie kama unavyoniandikia wewe.

Kuhusu kuja, nilisema Shaaban, na Shaaban bado. Tumuombe Mungu.

Mdogo wako,
Kulthum


Kikwajuni, Unguja
24 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Salaam alaykum. Vuli imetukuta na paa bovu. Ndoo mbili ziko ukumbini na beseni liko chumbani kwa Mama, na usiku anatuita kutuambia limejaa, kumbe hata nusu halijafika. Alipata homa, ikatushughulisha, sasa afadhali. Dukani ni msimu wa mitihani, watoto wanapanga foleni mpaka barabarani kutaka kopi za mitihani ya zamani. Jana nilisinzia nimesimama.

Nakuletea kadi nyengine, na safari hii ni jambo jipya. Mtaa wetu una timu ya wasichana! Siafu ya wasichana. Anawafundisha Mwalimu Shadya wa skuli ya kina Sichana, mwanamke mkali, filimbi haimtoki mdomoni. Wanacheza na suruali ndefu na mitandio wameifunga kwa nyuma, na jioni watu wanaokuja kuwaangalia wanawazidi wale wa wanaume. Wavulana wanakasirika.

Kadi zao nimezitia fremu ya zambarau. Mwangalie huyo mshambuliaji, Kasi ya Umeme, na umeme wetu unavyokatika ndivyo naye anavyosita mbele ya goli. Na mwangalie beki wa kati, Kizingiti. Mpira unampita, mtu hampiti. Mtu akimpita, mpira unabaki. Ile kadi nadhani ndiyo bora niliyowahi kuitengeneza. Niliirudia mara nyingi mpaka rangi ikakaa.

Sichana anakusalimu. Mitihani yake kafanya vizuri.

Mama anauliza kama tikiti ya Shaaban umeshaipata. Mimi siulizi.

Kaka yako,
Mahfoudh


Maskati
29 Desemba 2024

Mahfoudh,

Shikamoo. Natumai Mama kapoa homa.

Kizingiti ni mwanangu.

Usiniandikie kuwa sio. Umempiga picha ubavuni, mtandio umemziba shavu, na wenzake wote nyuma umewaandika majina yao na ya baba zao, yeye umemwandika Kizingiti basi. Niliitazama siku nyingi nikijiambia huyu ni msichana wa watu. Halafu nikauona mkono wake. Kidole gumba kakificha ndani ya ngumi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akilala mgongoni kwangu, ndani ya mbeleko, na nikikitoa anakirudisha.

Nyuma umeandika: Anapenda kimya kabla ya mpira kuanza. Hapendi kuulizwa.

Hapendi kuulizwa! Nani aliyemuuliza? Mimi nimeuliza mwezi wa kumi, nikaambiwa mitihani kafanya vizuri.

Tangu lini? Anuar anajua? Yule ni baba yake, Mahfoudh, tumeachana mimi naye lakini hakuachana na mtoto. Akisikia kwa watu atasema nini? Nilimwacha kwako unilelee, sikumwacha unifichie.

Sina la zaidi. Bibi ananiita.

Kulthum


Kikwajuni, Unguja
14 Januari 2025

Mdogo wangu Ummkulthum,

Salaam alaykum. Mama hajambo. Tabia hajambo. Umeniandika kwa jina langu tupu bila ya kaka, nimeliona, na nimestahili.

Ni yeye. Ni tangu mwaka juzi, ulipokuja ukaondoka. Baada ya kukusindikiza bandarini alirudi akalala, akawa haongei. Chakula anakigusagusa. Tabia akidhani ni minyoo, tukampeleka hospitali, wakasema hana kitu. Siku moja Mwalimu Shadya alimwona anaupiga mpira peke yake ukutani nyuma ya madarasa, akamwambia njoo. Jioni ile alirudi na matope mpaka magotini akala sahani mbili za wali. Mama ndiye wa kwanza kujua, aliona viatu. Akaniambia, "Mwache. Kala."

Nilitaka kukwambia. Sichana ndiye aliyenikataza. Maneno yake nayakumbuka: "Mjomba, Mama usimwambie. Akisema ndiyo atasema kwa kuwa yuko mbali, na akisema hapana atasema kwa kuwa yuko mbali." Wewe ungemjibu nini?

Anuar hajui. Tangu aoe Mkokotoni huja Idi mpaka Idi, anakaa barazani, anampa mtoto mkono, anakunywa chai, anaondoka.

Basi nikawatengenezea wenzake kadi, yeye nikamruka. Akawa anazishika za wenzake na kuzigeuza, anasema, "Nzuri, Mjomba. Hii nayo nzuri." Hakuniomba. Angeniomba ningekataa, lakini hakuniomba, nikashindwa. Nikamtengenezea, kisha nikakutilia wewe kwenye bahasha. Nilitaka uione bila ya mimi kuisema. Nimechoka na uongo mdogomdogo, Kulthum. Kila jioni ina wake.

Wasichana nao wakazitaka, nikatoa nyingi, sasa wanabadilishana skuli nzima. Hilo sikulipima.

Nimekujibu yote. Na mimi nina swali moja: tikiti unayo au huna?

Kaka yako,
Mahfoudh


Kikwajuni, Unguja
3 Februari 2025

Mdogo wangu,

Sijui kama ya mwezi uliopita umeipata. Yule kijana alichelewa kusafiri. Salamu za Mama zichukulie zimefika, maana nnaandika kwa haraka.

Anuar amekuja na kumchukua Sichana.

Alikuja baada ya alasiri. Mimi nimetoka kazini, Mama yupo kwenye kiti chake ukumbini. Nikamkaribisha akae, hakukaa. Akatia mkono mfukoni akaweka kitu juu ya meza. Kadi yenye fremu ya zambarau.

"Huyu nani?" akaniuliza.

Akasema tena, polepole, "Mtoto wa mteja wangu alikuwa anaichezea dukani kwangu, juu ya mifuko ya saruji. Nimemwuliza kaipata wapi. Kasema kaibadilisha kwa mandazi mawili. Nakuuliza, Mahfoudh, huyu nani?"

Kabla sijamjibu Sichana akatoka chumbani. Hakuitwa na mtu. Akampa mkono baba yake, akaitazama kadi.

"Ni wewe?"

"Naam, baba. Ni mimi."

"Chukua nguo zako."

Nilisema, "Anuar, ngoja tuzungumze." Akanijibu, "Ulikuwa na muda wa kuzungumza." Mama akamwambia, "Baba, hata chai?" Akaenda akambusu mkono, akasema, "Ahsante mama, siku nyengine." Nilitaka anipigie makelele, ingekuwa rahisi.

Sichana hakulia. Kachukua mkoba wa skuli na begi moja. Mlangoni alinigeukia mara moja, akatoka.

Leo hajaenda skuli. Mwalimu Shadya alikuja kuuliza, nikamwambia yuko kwa baba yake. Tabia hazungumzi nami. Rangi nimezifungia kabatini na sitaki kuziona.

Mahfoudh


Maskati
12 Februari 2025

Kaka,

Barua zako mbili zimenifikia pamoja, na mimi nikafungua ya pili kwanza. Nimesoma kuwa mtoto kachukuliwa kabla ya kusoma kuwa alikuwa akila sahani mbili. Nilikaa na zote mapajani mpaka bibi akaanza kulia kwa njaa.

Umeniuliza kuhusu tikiti. Shaaban ndiyo hii, na sina, na sikuitafuta. Mwenye nyumba hii ninayofanyia kazi hajanizuia. Kaniambia mara mbili nenda ukawaone watu wako. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia baadaye.

Sikiliza nikwambie kitu ambacho kwenye simu nisingeweza. Mara ile nilipokuja, nilikaa mwezi mzima. Sichana akinipa shikamoo asubuhi, akiniletea maji ya kunawa, akinikunjia nguo. Adabu tupu. Siku ya pili nikamsikia jikoni anamwuliza Tabia, "Mama anakula samaki gani?" Mimi! Usiku akichukua mto wake anakwenda kulala kwa Bibi yake. Mwezi mzima, kaka. Wewe akikuona anakuparamia na kukwambia ya skuli, mimi nikiingia ananyanyuka kunipisha kiti.

Hapa kuna mzee asiyenijua, kutwa ananiita mwanangu. Nikajiona bora nibaki na huyu asiyenijua.

Basi. Nimeshasema. Sasa nyanyuka uende Mkokotoni. Usimpigie Anuar simu, hatapokea, na akipokea mtaishia kwenye salamu. Nenda kwa miguu yako. Ukimwona mtoto usimwambie niliyoyaandika hapa.

Kulthum


Kikwajuni, Unguja
27 Februari 2025

Mdogo wangu Ummkulthum,

Salaam alaykum. Ramadhani imeshafika mlangoni, tusameheane. Mama anasema atafunga, nasi tunasema hatafunga, ndiyo vita vya nyumba hii kwa sasa.

Nimekwenda Mkokotoni. Nilimkuta Anuar dukani kwake, mweupe mpaka nywele kwa vumbi la saruji. Kanena nami kama mteja: "Karibu, unataka nini?" Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akaendelea kuhesabu misumari. Kisha akaniambia, "Kaa."

Mkewe, Ulfat, akatuletea kahawa. Ni mwanamke mpole, nakwambia kweli. Anuar akaanza bila ya mimi kumwuliza.

"Unadhani nimekasirika kwa mpira?"

"Nilidhani hivyo."

"Mimi mwenyewe nimecheza, Mahfoudh. Unajua. Niliacha nilipoanza kubeba mizigo." Akaiweka chini kahawa. "Wewe ukijua. Mke wako akijua. Mama yako Bi Mwamvua akijua. Mama yake kajua lini?"

"Desemba."

"Maskati! Kajua Maskati, na mimi niko hapa hapa Unguja. Watoto wa skuli wanamjua kwa mandazi mawili. Mimi baba yake nimemjua kwa karatasi."

Sikuweza kumtazama. Nikasema, "Makosa ni yangu." Akasema, "Si yako peke yako. Nnakuja Idi mpaka Idi. Mtoto angeniambia saa ngapi?" Lakini alilisema akiwa ameniangalia vibaya, usidhani kanisamehe.

Sichana alikuwa amesimama mlango wa ndani, kambeba mdogo wake. Sijui amesikia tangu wapi. Akasema, "Nyote mnaulizana. Mimi hamjaniuliza."

Baba yake akamwambia, "Haya. Nakuuliza."

"Nataka kurudi skuli yangu. Na nataka kucheza. Baba ukitaka kunikataza nikataze, lakini njoo unione kwanza, halafu unikataze."

Yule mdogo wake alikuwa anamvuta mtandio. Kisha Sichana akanigeukia mimi, na hili, Kulthum, limenikaa kifuani: "Na wewe Mjomba, kadi yangu usitoe tena. Watu wamenijua kabla sijawaambia mwenyewe. Baba nilikuwa nataka kumwambia mwenyewe."

Nikamwambia, "Sawa, mwanangu."

Anuar akasema Jumatatu atamrudisha yeye mwenyewe kwa ajili ya skuli. Mpira, Ramadhani iishe kwanza. Nikaondoka. Njiani nilikuwa nimechoka kama niliyebeba ile mifuko yake yote.

Uliyoyaandika sikumwambia. Lakini nadhani umekosea kunikataza.

Kaka yako,
Mahfoudh


Kikwajuni, Unguja
20 Aprili 2025

Mdogo wangu Ummkulthum,

Idi imepita, Mungu atukubalie. Sichana amerudi nyumbani na skuli anakwenda. Mama alifunga siku ya mwanzo kwa ukaidi, ikamlaza, zilizobaki tukamlipia fidia. Masika ndiyo haya, ndoo zimerudi ukumbini. Fundi wa paa ananiambia kesho tangu Rajab.

Sikukuandikia Ramadhani kwa kuwa sikuwa na la kukwambia. Sichana alikuwa anakuja mezani, anafuturu, anaosha vyombo, anafungua vitabu. Mpira hakuutaja, nami sikuutaja. Barua yako nayo haikuja. Nilidhani umechoka na sisi.

Basi jana Siafu ya wasichana wamecheza Maisara na timu ya Bububu. Sichana alimpigia simu baba yake akamwambia saa na mahali, mbele yetu sote. Upande wa pili sikuusikia. Alipokata tulimwuliza anakuja? Akasema, "Kasema ana wateja."

Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, uwanja matope matupu. Simu nimeiacha nyumbani makusudi. Ni mara ya kwanza nimemwona anacheza, Kulthum, kwa maana siku zote nilikuwa nashughulika na kumpata ndani ya picha. Hasemi kitu uwanjani. Anawaonyesha wenzake kwa mkono, nenda kule, rudi huku, na wanamtii wakubwa na wadogo.

Kipindi cha pili kimeanza, nikageuka nikamwona Anuar. Kasimama mbali nyuma ya goli, peke yake, na nguo zake za dukani, saruji imerowa imemgandia. Hapigi makofi, hashangilii. Nikaona nisimwendee.

Kisha yule mshambuliaji wa Bububu, jitu la msichana, akampiga Sichana kiwiko cha mbavu, akaanguka ndani ya dimbwi. Filimbi haikulia. Nikasikia sauti kule nyuma ya goli, uwanja mzima ukageuka:

"Refa! Huyo nambari tisa anampiga mwanangu! Huna macho?"

Watu wakacheka. Refa naye akacheka, lakini akapuliza. Sichana alinyanyuka, akajifuta uso kwa mkono wa jezi, hakumtazama baba yake hata mara moja. Aliupiga ule mpira wa adhabu ukafika karibu na goli la pili.

Tumefungwa. Bao lenyewe liliingia kwa Sichana kuteleza. Alikaa matopeni kafunika uso, na Mwalimu Shadya akawa anamwendea, lakini Anuar alitangulia. Nilikuwa karibu nikayasikia maneno yake. Hakumpa pole. Kamwambia, "Viatu gani hivi? Hivi ni vya kwendea sokoni. Beki huvaa viatu vyenye meno." Sichana akasema, "Sina, baba." Akasema, "Naona huna." Akamshika mkono akamnyanyua.

Kumkataza hajamkataza. Kumruhusu pia hajatamka. Leo asubuhi kapiga simu kuuliza anavaa viatu nambari ngapi.

Sasa umebaki wewe.

Kaka yako,
Mahfoudh


Maskati
11 Mei 2025

Kaka yangu Mahfoudh,

Shikamoo. Sikuchoka na nyinyi. Bibi alilazwa karibu Ramadhani yote, nami nikalala naye hospitali, kwenye kiti. Karudi, lakini sasa hata Zuwena haniiti tena. Ananitazama tu. Mpe Mama pole ya kushindwa kufunga, mwambie Mungu kayaona magoti yake.

Jana Sichana kanipigia. Kanipigia yeye, kwa simu ya baba yake. Nilikuwa naanika shuka, nikaogopa, nikadhani kuna msiba. Akaniambia, "Hapana mama, nimepata viatu." Kisha akaanza kunieleza lile bao. Mpira ulitokea wapi, nani alikuwa hayupo mahali pake, kwa nini lilikuwa la kuotea na refa hakuona. Mimi kuotea sijui ni nini. Nikawa naitika ehee, ehee, shuka iko begani inachuruzika maji mpaka ndani ya viatu, na namwomba Mungu salio la Anuar lisiishe.

Alipokwisha nikamwambia, kaka. Lile nililokukataza wewe kumwambia nimemwambia mwenyewe, kwa nini Shaaban sikuja. Nikamwambia nilijiona mgeni kwake.

Nikaita, "Sichana? Haloo?" Nikadhani imekatika. Akasema, "Mama, mimi nilijua utaondoka. Niliona nikikuzoea itakuwa tabu, ndiyo nikawa nakwenda kulala kwa Bibi."

Nimekuandikia kama alivyolisema. Sijalipunguza wala sijaliongeza.

Nimezungumza na mwenye nyumba, amekubali, nakuja baada ya Idi ya kuchinja. Usiniulize nakuja kukaa au kurudi, kwa kuwa sijui. Nimechoka kusema nisilolijua. Sichana mwenyewe sijamwahidi chochote ila kuwa nakuja, naye hakuuliza zaidi.

Mechi zao baada ya Idi ni lini? Niandikie tarehe tu. Mengine nitayaona mwenyewe.

Mdogo wako,
Kulthum